Kufuatilia mashauri ya watoto kwa simu wakati wa janga: inasaidia wapi, inaangusha wapi, na inamfanyia nini anayeipiga

Huduma inayopimwa hapa ni ile ambayo idara na mashirika mengi ya ulinzi wa mtoto yaliikimbilia baada ya Shirika la Afya Duniani kutamka, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia: kumfuatilia mtoto aliye hatarini bila kuingia nyumbani kwake. Ndani yake mna simu ya kawaida, simu ya video, ujumbe mfupi, jalada la kidijitali, ziara fupi ya mlangoni, na usimamizi wa mfanyakazi anayefanya yote hayo akiwa kwake. Mlipuko mwingine ukizuka, kifurushi hiki ndicho kitakachotolewa kabatini kwanza. Inafaa kukipima kipande kwa kipande, maana ubora wa vipande vyake hautoshani.

Tathmini kwa ufupi ni hii. Simu inalinda uhusiano na mtoto, lakini haina macho. Video ina macho, ila anayeyaelekeza ni mtu mzima aliyeishika. Ziara ya mlangoni ndiyo kipande bora kuliko vyote. Usimamizi wa wafanyakazi ndio unaoamua kama hivyo vingine vitadumu zaidi ya miezi miwili, na hapo ndipo huduma hii huangusha watu vibaya zaidi.

Kwanza ieleweke mzigo ulitoka wapi. Shule zilipofungwa, kwa hesabu ya UNESCO wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya madarasa hali ilipofika kileleni. Pamoja na masomo, mtoto alimpoteza mtu mzima aliyemwona kila siku nje ya nyumba yao. Marekani, takriban taarifa moja kati ya tano za kushuku ukatili dhidi ya watoto hutoka kwa watu wa shule. Taarifa ziliposhuka ghafla mwaka 2020, waliozisoma kama dalili ya nyumba kutulia walikosea. Waliokuwa wakiona ndio walioondolewa. Mfanyakazi akabaki na watoto aliokuwa akiwafahamu tayari, na namba za simu za walezi wao.

Kupanga orodha kabla ya kushika simu

Huduma hii huharibika siku ya kwanza pale mfanyakazi anapokabidhiwa orodha nzima na kuambiwa awapigie wote. Wapo watoto wasioweza kuachiwa simu peke yake: ambaye bado hawezi kujieleza, kwa kawaida wa chini ya miaka 5; mwenye ulemavu unaomzuia kusema au kusikia; anayeishi nyumba moja na anayetuhumiwa kumdhuru; aliyepata jeraha karibuni bila maelezo yanayoeleweka; aliyetaja kujiua au kujidhuru; na yule ambaye amri ya mahakama inataka aonwe. Hawa hubaki kwenye ziara ya ana kwa ana hata nyingine zote zikisimamishwa. Wanaofuata kwa hatari wapigiwe mara mbili kwa wiki na waonwe mlangoni kila baada ya wiki mbili. Wale ambao mashauri yao yalikaribia kufungwa watoshewe na simu moja kwa wiki, ila shauri lisifungwe kwa simu. Aliyefungiwa hivyo amefungiwa kwa maneno ya mlezi tu.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kupanga mara moja na kuridhika. Wakati wa janga hatari huhama upesi. Mlezi akipoteza kipato, bibi aliyekuwa akilea akilazwa, au ndugu aliyeachishwa kazi akirudi kuishi pale, shauri lililokuwa dogo Jumatatu linakuwa kubwa kufikia Ijumaa. Orodha ipangwe upya angalau kila siku 14, na siku ileile habari ya namna hiyo inapoingia.

Kuhusu idadi: viwango vya chini vya ulinzi wa mtoto katika dharura, toleo la 2019, vinaweka ukomo wa mashauri 25 kwa mfanyakazi mmoja. Wapo viongozi wanaodhani kwamba kwa kuwa safari zimeondoka, anayefanya kazi kwa simu anaweza kubeba 40. Hesabu inakataa. Mazungumzo ya dakika 20 na mtoto yana dakika 10 za kusoma jalada, majaribio mawili matatu ya kumpata hewani, mazungumzo na mlezi, simu ya rufaa kwa zahanati au polisi, kisha kuandika. Shauri linalopigiwa mara mbili hula zaidi ya saa mbili kwa wiki. Mashauri 15 ya aina hiyo yamemaliza saa 30 kabla hata moja la hatari kubwa halijaguswa. Hiyo 25 ni dari, na wakati wa janga ni vyema kukaa chini yake.

Simu ya kawaida: njia ya kuipiga vizuri

Faida yake kubwa ni kwamba inafika. Haihitaji bando, inafanya kazi kwenye simu ya vitufe, na baadhi ya vijana wa miaka 13 kwenda juu husema kwa simu mambo ambayo wangeona haya kuyasema wakitazamwa usoni. Kwa kundi hilo kipande hiki kinastahili sifa kabisa.

Udhaifu wake ni kwamba simu ni ya nyumba. Mara nyingi ipo moja, iko mfukoni mwa mtu mzima, na pengine mtu huyo ndiye anayeogopwa. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya simu. Wakati bado kuna nafasi ya kuonana, mtoto na mfanyakazi wapatane mambo manne: saa za kupigiana, neno la siri la "siwezi kusema sasa", neno jingine la "nahitaji msaada leo", na mazungumzo ya kujifichia, kwa mfano hesabu za shule, mtu akitokea ghafla. Maneno hayo yawe ya kila siku. Hispania mwaka 2020 maduka ya dawa yalitumia "mascarilla 19", yaani barakoa 19, kama ishara ya anayekimbia ukatili wa nyumbani, na ilifaa kwa sababu mtu yeyote angeweza kuitamka dukani bila kugeuziwa macho. Tofauti ni kwamba ile ilitangazwa wazi ili kila mwenye kuihitaji aijue, nayo ya mtoto lazima ijulikane na watu wawili tu. Ikitumiwa neno moja kwa watoto wote wa ofisi, mtoto wa pili akilitaja mbele ya mlezi wa kwanza limekwisha.

Simu yenyewe ianze na swali la mahali: "Uko wapi sasa hivi, na nani yuko karibu nawe?" Kisha: "Simu iko kwenye spika?" Majibu yakionyesha kuna masikio mengine, mfanyakazi ahamie maswali ya ndiyo na hapana, au ya namba: "Tangu tulipoongea, kutoka 1 hadi 5, nyumbani kumekuwaje?" Mtoto akijibu "mbili" mbele ya mtu mzima, anayesikiliza hajui kilichoulizwa. Lakini hapa kuna mtego: namba hufaa tu kama upande wa kipimo umeeleweka. Watoto wa miaka 6 au 7 hugeuza, wakaita 1 bora kwa sababu wa kwanza darasani ndiye bora. Kwa umri huo tumia jua, wingu na mvua.

Laini ikikatika, usipige tena papo hapo. Huenda simu imenyakuliwa, na mlio wa pili unamthibitishia aliyeinyakua kwamba kuna jambo. Fuata mlichopatana, kama hamkupatana, subiri dakika 15 kisha mpigie mlezi kwa sababu nyingine ya kawaida. Kama neno la msaada lilikuwa limeshatamkwa, hakuna kusubiri: ni msimamizi na polisi au mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto, dakika hiyohiyo. Ujumbe wa sauti wenye jina la ofisi usiachwe kamwe.

Mtoto wa miaka 6 hadi 8 huchoka baada ya dakika 10 hadi 15, na majibu yanayofuata ni ya kutaka aachiwe akacheze. Ukimya nao ni mgumu kwenye simu. Uso kwa uso mtu huvumilia sekunde 20 za kimya; kwenye simu baada ya sekunde 5 watu wazima wengi huanza kusema, na mara nyingi wanaziba pale mtoto alipokuwa akikusanya ujasiri. Njia inayosaidia ni kutangaza kimya: "Nipo, nasikiliza, chukua muda wako," halafu kunyamaza kweli.

Kwa mlezi, maswali ya jumla kama "mnaendeleaje?" hayazai kitu. Uliza vitu vinavyohesabika. Leo watoto wamekula nini na saa ngapi? Usiku nani amelala chumba gani? Kuna nani mpya nyumbani? Nani anaumwa? Halafu swali ambalo janga limelifanya la lazima: wewe ukilazwa usiku wa leo, watoto hawa wanachukuliwa na nani? Jibu liwe na majina mawili, kwa sababu jina la kwanza mara nyingi ni la mtu wa nyumba ileile ambaye naye ataugua. Waliotajwa wapigiwe wathibitishe wenyewe. Mkoba wa mtoto ukae tayari: nguo, dawa zenye maelezo ya kipimo, nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitu anacholala nacho. Familia nyingi huliahirisha zoezi hili kwa kuona ni kama kujitabiria kifo. Likiwekwa kwa maneno ya "ukipata homa ya siku tatu" hupokelewa kwa urahisi zaidi.

Video na gumzo

Video huwafaa watoto wadogo kuliko simu tupu, mradi haifanywi mahojiano. Mtoto apewe kazi: nionyeshe unapolala, nionyeshe mchoro wako, tucheze kujificha nyuma ya shuka. Humo mfanyakazi anaona kitanda, mwanga, watu wanaopita, na jinsi mtoto anavyoitikia akiitwa na mtu asiyeonekana. Dalili ya kuangaliwa zaidi ni macho: mtoto anayetupa jicho pembeni kabla ya kila jibu ana mtu nyuma ya simu.

Kinachokosekana ni kingi. Harufu haipiti. Michubuko iliyo chini ya nguo haionekani, na mwanga hafifu hufanya hata ya usoni ifanane na kivuli. Na liwe wazi kabisa: mtoto asiombwe kuvua nguo au kuonyesha jeraha mbele ya kamera, wala mlezi asiombwe kutuma picha yake. Jeraha ni la mtaalamu wa afya. Video pia si njia ya kumhoji kwa mara ya kwanza mtoto anayedokeza ukatili wa kingono; pale kazi ni kusikiliza, kumshukuru kwa kusema, kuandika maneno yake kama yalivyo, na kupanga akutane na mtu aliyefunzwa.

Gumzo la maandishi ndilo lililowasaidia waliofungiwa na mtesaji, kwa kuwa vidole havisikiki. Lakini maandishi hubaki. Mfundishe mtoto kufuta mazungumzo kabla ya kuagana, wala usisubiri asubuhi. WhatsApp husimba ujumbe ukiwa njiani, lakini nakala za akiba zinazopakiwa mtandaoni hazisimbwi hivyo hadi mwenye simu awashe mpangilio huo mwenyewe, na arifa kwenye kioo kilichofungwa huonyesha maneno ya kwanza kwa yeyote aliye jirani. Ujumbe unaojifuta wenyewe uwashwe pande zote mbili, na ujumbe wa kwanza wa mfanyakazi uwe wa salamu tu, usio na jina la huduma. Kasi pia ni tatizo: gumzo ambalo kwa sauti lingekuwa dakika 10 huchukua karibu saa nzima, na mfanyakazi anayeendesha matatu kwa pamoja ataandikia mtoto mmoja jibu la mwingine. Mawili ni mwisho.

Kuhusu jalada la kidijitali, la kusema si refu. Mfumo wa Primero, programu huria inayoungwa mkono na UNICEF, una sehemu ya usimamizi wa mashauri inayofanya kazi bila mtandao na kusawazisha baadaye, na humwonyesha kila mtumiaji majalada anayoruhusiwa tu. Ni zana nzuri. Inayoiharibu ni tabia: nywila moja inayotumiwa na ofisi nzima, kompyuta inayochezewa na watoto wa mfanyakazi jioni, madaftari ya muhtasari yanayokaa mezani sebuleni. Kwa anayefanyia kazi nyumbani, sanduku la kufuli la karatasi si anasa.

Ziara ya mlangoni

Mfanyakazi haingii. Anasimama nje, mita 2, dakika 15 hadi 20, na ikiwezekana anatembea na mtoto uani au njiani mahali wanapoonekana lakini hawasikiki. Dakika hizo chache huleta habari ambazo wiki ya simu haileti: uzito wa mtoto, mwendo wake, namna anavyosogea au kurudi nyuma mlezi anaponyoosha mkono.

Mkoba wa ziara nne kwa siku: barakoa 6 za mfanyakazi, kwa kuwa iliyolowa hubadilishwa, barakoa 8 za kuwaachia walezi na watoto wakubwa, kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, mililita 100 zatosha, sabuni na chupa ya maji, mifuko miwili ya taka inayofungika, kalamu ya mfanyakazi na nyingine ya kumpa mtoto abaki nayo, fomu kwenye ubao mgumu unaofutika. Mikono husuguliwa kwa kitakasa sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Mkoba usiwekwe sakafuni wala kwenye kiti cha mwenyeji. Mtoto wa miaka 5 au chini asilazimishwe kuvaa barakoa. Hivyo ndivyo WHO na UNICEF walivyoshauri.

Saa chache kabla, piga uulize kama kuna homa, kikohozi au mtu aliyewekwa karantini. Nyumba yenye mgonjwa huwekwa mwisho wa siku, na baada yake ni kwenda nyumbani kuoga.

Barakoa huficha tabasamu, na mtoto aliyeumizwa na watu wazima husoma nyuso kabla ya maneno. Mfanyakazi asimame mbali kidogo kuliko mita 2, auonyeshe uso wake wazi, amsalimie mtoto kwa jina, ndipo avae barakoa akionekana. Picha kubwa ya uso kifuani husaidia wanaomwona mara ya kwanza. Kwa mtoto kiziwi anayesoma midomo, barakoa yenye dirisha la plastiki inahitajika. Bila hiyo ziara ni bure. Nguo za kinga za mwili mzima, pale ambapo hakuna mgonjwa anayehudumiwa, huleta madhara. Jirani wakiona mtu kafunikwa mweupe kutoka kichwa hadi mguu, nyumba ile hupewa jina la ugonjwa na mtoto hutengwa na wenzake.

Kisa kinachowashinda wengi: mlango unafunguliwa kidogo na mlezi anasema, "Samahani mwanangu, humu tuna karantini, rudini mwezi ujao." Huenda ni kweli, huenda ni ngao. Usibishane mlangoni. Mpe pole, mwombe mtoto asogee dirishani akupungie mkono na kusema alichokula leo, uliza mgonjwa anahudumiwa na kituo gani, kisha piga kituo hicho. Mpangie simu ya kesho na ziara nyingine ndani ya saa 48. Dirisha likikataliwa nalo, ni shauri la hatari kubwa kuanzia dakika hiyo na linakwenda kwa msimamizi kabla hujaondoka mtaani. Andika saa, maneno yaliyosemwa na nani aliyasema.

Inamfanyia nini mfanyakazi

Hapa ndipo tathmini inapokuwa kali. Kifurushi hiki huuzwa kwa waajiri kama njia ya kumpunguzia mfanyakazi hatari ya kuambukizwa, na kweli huipunguza. Kisha humwekea mzigo mwingine ambao haumo kwenye bajeti.

Zamani kati ya nyumba ya mtoto na nyumba ya mfanyakazi kulikuwa na safari. Nusu saa ya barabara ilikuwa mahali pa kupumulia. Simu imeifuta. Maelezo ya mtoto aliyebakwa yanaingia chumba kilekile anacholala mfanyakazi na wanawe, na dakika mbili baadaye mtu anabisha akiuliza chakula cha jioni. Namba yake binafsi imekuwa namba ya huduma, kwa hiyo saa nne usiku italia. Na mwenyewe ana mgonjwa kwao, au msiba ambao hakuruhusiwa kuuhudhuria.

Kinachouma kuliko uchovu ni jeraha la dhamiri: kujua kwamba mtoto fulani anahitaji kuonwa leo, na kuzuiwa. Linatibiwa kwa utaratibu wa kiofisi, hata kama halionekani hivyo. Kila ziara inapokataliwa, aliyeikataa aandike uamuzi, sababu, tarehe na jina lake. Pasipokuwepo karatasi, mfanyakazi hubeba uamuzi ambao haukuwa wake, na mambo yakiharibika ndiye atakayeulizwa.

Usimamizi unaofaa una kipimo. Msimamizi mmoja kwa wafanyakazi 5 au 6. Kila mmoja apate saa moja kwa wiki peke yake, kwa simu au video, siku na saa zisizohamishwa. Dakika 20 za kwanza ziwe za mfanyakazi mwenyewe, usingizi, nyumbani, hofu. 30 za mashauri mawili au matatu mazito. 10 za maamuzi yatakayoandikwa. Msimamizi akianza na mashauri hatafika kwa mtu, muda utaisha. Juu ya hiyo, iwepo simu ya kutua: baada ya simu nzito mfanyakazi humpigia mwenzake waliyepangwa jozi, ndani ya nusu saa, dakika 10, bila kutaja jina la mtoto. Haijadili shauri. Maswali ni matatu: umesikia nini kilichokushika, mwili wako ukoje sasa, unafanya nini saa inayofuata. Jozi zibadilishwe kila mwezi, kwa sababu watu wawili waliochoka pamoja huanza kuona uchovu wao kuwa hali ya kawaida.

Kwa kujipima, dodoso la ProQOL la Beth Hudnall Stamm linafaa na halilipiwi. Lina maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, kila moja likijibiwa 1 hadi 5, na mafungu matatu ya maswali 10: kuridhika na kazi ya kuhudumia, uchovu wa kazi, na kiwewe kinachopatikana kwa kusikia ya wengine. Jumla ya fungu ikiwa 22 au chini ni kiwango cha chini, 23 hadi 41 cha kati, 42 na zaidi cha juu. Kwenye fungu la uchovu, maswali ya 1, 4, 15, 17 na 29 hugeuzwa kabla ya kujumlisha, 1 ikawa 5 na 2 ikawa 4. Wanaosahau kugeuza hupata wafanyakazi wazima wanaoonekana wamechakaa. Dodoso hili halitambui ugonjwa, na alama zake ni za aliyelijaza. Mwajiri akizikusanya kwa majina, mwezi wa pili kila mtu atakuwa "wa kati".

Semina za mtandaoni za kupunguza msongo, zinazowekwa baada ya saa za kazi na kumfundisha mtu kupumua huku orodha yake ikiwa ya mashauri 40, hazistahili alama yoyote. Katika uainishaji wa magonjwa wa ICD-11, WHO linaeleza uchovu wa kazi kuwa unatokana na msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa vyema. Basi dawa yake ianzie kazini: laini ya kazi inayozimwa jioni, simu moja ya dharura inayozunguka kwa zamu, vocha inayolipwa kabla ya kutumika, siku ya mapumziko baada ya kushughulikia kifo cha mtoto. Mazoezi ya kupumua yafuate baada ya hapo, na pale husaidia kweli.

Jambo moja liko juu ya uwezo wa ofisi. Watumishi wa ustawi wa jamii wakitambuliwa rasmi kuwa wa lazima, hupata kibali cha kutoka, vifaa vya kinga na nafasi ya mapema kwenye chanjo. Uingereza mwaka 2020 iliwaweka wafanyakazi wa jamii kwenye orodha ya wale ambao watoto wao waliruhusiwa kwenda shule wakati zimefungwa kwa wengine. Anayelea mtoto wa miaka 4 peke yake nyumbani hawezi kupokea simu ya siri saa tano asubuhi, hata apewe simu nzuri namna gani.

Kabla ya kukikubali kifurushi hiki ofisini kwenu

Ulizeni nani atalipa vocha na tarehe gani, msimamizi ana wafanyakazi wangapi, dharura ya usiku inaangukia simu ya nani, na ziara za mlangoni zimetengewa usafiri. Majibu mawili kati ya hayo yakiwa ya kusitasita, anzeni na mashauri ya hatari ndogo pekee na msikubali kuhamishia mengine kwenye simu.

Pangeni pia mwisho wake kabla ya kuanza. Vizuizi vikiondolewa, kila mtoto aliyefuatiliwa kwa simu aonwe ana kwa ana ndani ya siku 30, wasioonwa kabisa wakitangulia, na tathmini ya hatari iandikwe upya tangu ukurasa wa kwanza. Shule zikifunguliwa, walimu wataanza kuona tena na taarifa zitamiminika kwa wafanyakazi walewale ambao hawajapumzika. Likizo zao za zamu zianze wiki tatu au nne kabla ya kengele ya kwanza kulia.